Umeme wa bei nafuu usiku: kwa nini risiti ya Gitega na Muyinga hutazama kiasi, si saa

Katika miji ya nyanda za juu kama Gitega na Muyinga, miezi ya Juni na Julai huja na baridi ya alfajiri inayowafanya wengi kutafuta maji ya moto kabla ya kutoka nyumbani. Kwa familia zenye umeme wa REGIDESO, swali moja hurudi kila kiangazi: je, kuwasha boila usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, kunapunguza gharama? Jamaa wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa au Uingereza husema kwamba huko ndivyo ilivyo.

Kwa mteja wa kawaida wa Burundi, jibu ni hapana. Bei ya umeme wa nyumbani hupangwa kwa kiasi kilichotumika ndani ya mwezi, si kwa saa kilipotumika. Makala haya yanaeleza bei za usiku zilianzia wapi, hita za kuhifadhi joto hufanyaje kazi, na ni hesabu gani inayoifaa nyumba ya Gitega au Muyinga.

Maana ya saa za matumizi madogo

Umeme una tabia moja inayoutofautisha na bidhaa nyingi: ni vigumu kuuweka ghalani. Kile kinachozalishwa dakika hii sharti kitumike dakika hiihii, ama sivyo mitambo ipunguzwe nguvu. Lakini watu hawatumii umeme kwa kiwango kimoja mchana kutwa. Kuanzia saa 12 jioni hadi kama saa 4 usiku taa huwashwa, televisheni hufunguliwa, pasi na majiko hufanya kazi kwa pamoja. Hizo ndizo saa za matumizi makubwa. Baada ya saa 5 usiku nyumba huzima, viwanda vingi hufungwa, na mahitaji hushuka hadi karibu na alfajiri.

Shirika la umeme hulazimika kujenga mitambo na nyaya za kutosheleza saa zile chache za jioni, ingawa sehemu kubwa ya mitambo hiyo hukaa bila kazi usiku. Ndipo likazaliwa wazo la kupunguza bei saa za matumizi madogo, ili wateja wahamishe baadhi ya shughuli zao. Kwa Kifaransa saa hizo huitwa heures creuses, yaani saa zilizo tupu. Nchini Ufaransa shirika la EDF lilianza kutoza viwanda bei zinazotofautiana kwa saa na majira katika miaka ya 1950, na baadaye mpango huo ukafika majumbani. Ubelgiji nayo, kwa miaka mingi, imekuwa na mita za bei mbili, ambapo usiku na siku za mwisho wa juma huhesabiwa kwa bei ya chini.

Hita ya kuhifadhi joto hufanyaje kazi

Bei ya chini usiku ina kasoro moja kwa mwenye nyumba: joto linahitajika mchana na jioni, ilhali umeme wa bei nafuu hupatikana amelala. Suluhisho la Uingereza lilikuwa hita ya kuhifadhi joto. Ndani ya sanduku lake la chuma mna matofali mazito yaliyotengenezwa mahsusi, na katikati yake hupita nyaya za kupashia moto. Usiku nyaya hizo huyachemsha matofali hadi mamia ya nyuzi. Vizuizi vya joto vilivyoyazunguka huzuia joto lisitoke upesi, na mchana kutwa hita hulitoa polepole chumbani.

Mpango wa bei uliozieneza hita hizo nchini Uingereza huitwa Economy 7, ulioanza mwaka 1978. Namba 7 ni idadi ya saa za usiku zinazotozwa bei ya chini. Hita nyingi za aina hiyo zina vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja hupanga kiasi cha joto kitakachowekwa usiku, na cha pili hupanga kasi ya kulitoa mchana. Wageni wengi wanaohamia katika nyumba zenye hita hizo hukosea kwa kuacha kitufe cha kutoa joto kikiwa wazi usiku kucha. Asubuhi matofali huwa yamepoa, nao huwasha hita nyingine kwa bei ya juu ya mchana.

Bei hiyo nayo si zawadi. Anayechukua mpango wa Economy 7 hulipa umeme wa mchana kwa bei iliyo juu kuliko ya mteja wa bei moja. Washauri wa nishati wa huko kwa kawaida husema mpango huo hauna faida mpaka takribani asilimia 40 ya umeme wa nyumba utumike usiku.

Wapenzi wa redio watavutiwa na jinsi mita nyingi za zamani za Uingereza zilivyojua kwamba usiku umeingia. Ishara ya kubadili bei ilisafirishwa ndani ya matangazo ya masafa marefu ya BBC. Kazi ya kuuzima mfumo huo ilianza tarehe 30 Juni 2025, na mita hizo zinabadilishwa kwa mita za kisasa.

Saa ya bei nafuu hutegemea chanzo cha umeme

Wengi hudhani kwamba usiku ndio wakati wa bei nafuu kila mahali. Sivyo. Bei hushuka pale umeme unapozidi mahitaji, na wakati huo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ufaransa, ambako mitambo ya jua imeongezeka, ilianza Novemba 2025 kuhamisha sehemu ya saa za bei nafuu kutoka usiku hadi adhuhuri na alasiri, jua linapokuwa kali na umeme wake ukiwa mwingi.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianzisha bei ya saa za matumizi madogo tarehe 1 Desemba 2017 kwa viwanda na biashara kubwa. Kiwanda kinachoongeza matumizi yake usiku kupita kiwango kilichowekwa hupata nafuu ya nusu ya bei ya nishati kwa ile sehemu iliyozidi. Sababu iko chini ya ardhi ya Olkaria: visima vya mvuke haviwezi kufungwa na kufunguliwa kila siku kama bomba, na usiku mvuke ambao haukupata mtumiaji ulikuwa ukiachwa upotee hewani. Tangu mwaka 2023 Kenya imeweka pia bei ya kuchajia magari na pikipiki za umeme, ambayo saa za usiku ni nusu ya ile ya saa nyingine.

Uganda nayo huwatoza wenye viwanda na biashara bei tatu: ya jioni, ya mchana na ya usiku. Lakini mteja wa nyumbani wa Uganda hatozwi kwa saa. Badala yake, nchi hiyo imeweka nafuu kwa anayetumia zaidi, ili kuwavuta watu wapike kwa umeme na kuacha makaa: uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 ndani ya mwezi hutozwa bei iliyo chini kuliko ya ngazi inayozitangulia moja kwa moja. Ni kinyume cha utaratibu wa Burundi, ambako anayetumia zaidi hupanda ngazi ya bei.

Umeme wa Gitega na Muyinga hutoka wapi

Umeme mwingi wa Burundi hutokana na maji. Rwegura, huko Kayanza, ina mitambo ya megawati 18 na bwawa la kuhifadhi maji. Kwenye mto Ruzizi, Burundi hushirikiana na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika kituo cha Ruzizi II. Vipo pia vituo vidogo kama Ruvyironza upande wa Gitega na Kayenzi upande wa Muyinga. Huko Mubuga, Gitega, kuna mitambo ya jua ya megawati 7.5 iliyozinduliwa mwaka 2021.

Kwa miji hii miwili, jambo kubwa la miaka ya karibuni ni Rusumo. Kituo hicho cha megawati 80 kimejengwa kwenye maporomoko ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, na umeme wake hugawanywa sawa kwa nchi tatu: Burundi, Rwanda na Tanzania. Fungu la kila nchi ni takribani megawati 26.7. Njia ya umeme ya upande wa Burundi hutoka Rusumo, hupita Muyinga na kufika Gitega.

Vyanzo hivyo havifanani linapokuja suala la usiku. Rusumo hutegemea mtiririko wa mto: maji yasiyozungusha mitambo usiku hupita yakaenda zake. Umeme wa usiku wa kituo cha namna hiyo, usipotumika, umepotea. Rwegura ni kinyume chake. Bwawa ni akiba, na katika kiangazi, kina cha maji kinaposhuka, lita inayotumika usiku wa manane ni lita itakayokosekana kesho jioni. Mitambo ya jua ya Mubuga nayo hulala jua linapozama. Kwa hiyo hata kama siku moja Burundi itaweka bei za saa, hakuna uhakika kwamba saa ya bei nafuu itakuwa usiku tu. Huenda ikatofautiana kati ya masika na kiangazi, au ikahamia mchana mitambo ya jua ikiongezeka.

Mfumo huo ungehitaji pia mita zinazotambua saa na uamuzi wa serikali wa kupanga bei upya. Mita za malipo ya kabla, zinazojulikana kwa jina la Cash Power, kazi yake ni kuhesabu uniti zilizonunuliwa na kukata umeme zinapokwisha.

Bei kwa ngazi: hesabu ya ndoo

Uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa, ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa nzima. Katika mfumo wa ngazi, ambazo wengi huziita transhi, uniti za kwanza za mwezi huuzwa bei ya chini ili kuzisaidia familia zenye kipato kidogo. Mteja akipita kikomo cha ngazi hiyo, uniti zinazofuata huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Ndiyo maana fedha ileile inayonunua uniti nyingi mwanzoni mwa mwezi huweza kununua chache baadaye.

Maji ya moto huipandisha nyumba ngazi upesi kuliko taa. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40, joto linalofaa kuogea, huhitaji takribani uniti 0.47. Kiasi hicho hakibadiliki, iwe ni saa 2 usiku au saa 9 usiku, iwe kwa boila au kwa risistansi ya kutumbukiza ndani ya maji. Kwa familia ya watu wanne, kila mmoja akitumia ndoo moja kwa siku, hesabu hufikia karibu uniti 56 kwa mwezi.

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu na si kama bei rasmi, kwamba ngazi ya kwanza huishia uniti 50, na uniti ya ngazi ya pili ni mara mbili ya ile ya kwanza. Nyumba inayotumia uniti 45 kwa taa, televisheni, simu na pasi ingelipa mafungu 45. Ikiongeza uniti 56 za maji ya kuoga, matumizi yake yangefika 101: uniti 50 kwa bei ya chini na 51 kwa bei maradufu, jumla mafungu 152. Matumizi yameongezeka zaidi kidogo ya maradufu, lakini malipo yamezidi mara tatu.

Familia hiyohiyo ikitumia nusu ndoo kwa kila mtu, yaani lita 10 za maji ya moto, ingeongeza uniti 28 tu. Malipo yangekuwa mafungu 96. Kuhamisha kazi hiyo kutoka jioni hadi usiku wa manane, bila kupunguza maji, kusingeondoa hata fungu moja.

Kuhifadhi joto kuna faida gani, basi?

Boila lenyewe ni ghala la joto, kama yalivyo matofali ya hita ya Uingereza. Lita 50 zilizopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hubeba takribani uniti 2.3. Lakini kila ghala huvuja. Boila dogo linaloachwa limewashwa saa zote huweza kupoteza kati ya nusu uniti na zaidi ya uniti moja kwa siku, bila mtu yeyote kuoga. Kwa mwezi mzima upotevu huo huwa mkubwa kuliko matumizi ya taa za nyumba nyingi.

Kwa hiyo faida ya kupanga saa, kwa mteja wa Burundi, iko kwingine. Ya kwanza ni kufupisha muda wa kuvuja: boila huwashwa saa moja au mbili kabla ya kuoga, kisha huzimwa. Wanaoamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya udhu au safari wanaweza kuweka saa ya kujiwashia yenyewe, mradi iwe imetengenezwa kubeba nguvu ya boila.

Ya pili ni nguvu ya umeme wenyewe. Jioni, mtaa mzima unapowasha vifaa, volti hushuka. Risistansi ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230 hutoa kama wati 1,225 tu volti zinapokuwa 180. Maji hayo yatahitaji umeme uleule, ila yatachelewa sana. Anayepasha maji alfajiri huwahi, na tena huwapunguzia mzigo majirani wanaohitaji taa jioni.

Ya tatu ni kujikinga na katizo. Maji yaliyopashwa umeme ukiwapo na kumiminwa kwenye chupa ya chai hubaki moto kwa saa nyingi. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, ni vyema boila libaki limezimwa kwa dakika kadhaa, kwa sababu nyumba nyingi zikiwasha vifaa vizito kwa mkupuo, laini huzidiwa.

Njia inayohifadhi joto bila kugusa mita ni jua. Boila la jua huwekwa juu ya paa. Maji hupata moto mchana na kukaa ndani ya tangi lililofungwa vizuri hadi asubuhi. Kiangazi cha nyanda za juu, chenye usiku wa baridi na mchana wa jua, huyafaa sana mabomba hayo, ingawa gharama ya kuyanunua ni kubwa. Hata ukuta mnene wa rukarakara hufanya kazi ya matofali ya hita: hunywa joto la mchana na kulirudisha ndani usiku, iwapo madirisha yatafungwa kabla baridi haijaingia.

Tahadhari

Hatari kubwa ya miezi ya baridi si bei. Mbabura yenye makaa, hata ikionekana kama imezimika, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa inaweza kuwaua waliolala bila wao kuzinduka. Mbabura haipaswi kuingizwa chumbani kwa ajili ya kuota moto, wala kuachwa humo usiku.

Risistansi ya kutumbukiza ichomolewe kwenye umeme kabla ya mtu yeyote kugusa maji au ndoo, na isiachwe mahali watoto wanapofika. Boila liunganishwe na waya wa ardhini na fundi anayejua kazi. Valvu yake ya usalama huweza kudondosha maji kidogo wakati yanapopata moto. Hilo ni la kawaida, na tundu lake lisizibwe kamwe, kwa kuwa ndiyo njia ya kupunguza msukumo ndani ya tangi. Matofali yasichemshwe kwa nyaya za kubuni nyumbani kwa kuiga hita za Ulaya. Hita hizo huwa na vidhibiti vya joto na vizuizi vya moto visivyoweza kubadilishwa na udongo wala bati.

Mambo ya kutazama kwenye risiti

Kwa kuwa viwango vya bei hubadilika, risiti ya hivi karibuni ndiyo ya kutegemea kuliko maneno ya mtaani. Mteja agawanye fedha alizolipa kwa idadi ya uniti alizopewa ili ajue kila uniti imemgharimu kiasi gani, kisha alinganishe ununuzi wa mwanzo wa mwezi na ule wa mwisho. Tofauti ikiwa kubwa, na hakuna makato mengine yanayoieleza, huenda amepanda ngazi.

Hatua inayofuata ni kusoma mita jioni na asubuhi kwa siku tatu boila likiwa limewashwa saa zote, kisha siku tatu likiwashwa kwa muda maalumu tu. Tofauti ya masomo hayo mawili itaonyesha boila linavuja kiasi gani. Nyumba zenye wapangaji kadhaa wanaotumia mita moja zina sababu zaidi ya kufanya hesabu hiyo pamoja: uniti za ngazi ya chini ni za mita nzima, na anayeacha boila limewashwa humaliza fungu la bei nafuu la wote.